Wote Walipita Samarkand

Uliza kijiweni nani alikuwa jemadari mkubwa kuliko wote duniani, kisha kaa pembeni usikilize. Wa kwanza atamtaja Alexander Mkuu, kijana aliyekufa na miaka 32 bila kushindwa vita hata kimoja kikubwa. Wa pili atatoa simu, atafungua ramani ya Wamongoli na kuuliza kama kuna haja ya kuendelea kubishana. Mzee mwenye kofia atakumbusha kwamba mnamsahau Khalid bin Walid. Halafu atatokea mmoja, huwa hakosi, wa kumtetea Hannibal na tembo wake wa milima ya Alps, ingawa Hannibal mwenyewe alizunguka Italia karibu miaka 15 bila kuuteka mji wa Roma.

Mabishano haya nayapenda, ila yana kasoro: tunalinganisha mabingwa wa ligi tofauti, waliocheza viwanja tofauti na wapinzani tofauti. Ukubwa wa eneo nao unadanganya. Nyika ya Mongolia na bonde la Nile zikipakwa rangi moja kwenye ramani zinaonekana sawa, wakati moja ni malisho ya farasi na nyingine imejaa watu, mashamba na makarani wa kodi tangu enzi za Mafarao.

Kwa hiyo nikatafuta uwanja mmoja ambao wakubwa kadhaa waliucheza. Upo. Ni Samarkand, mji wa Uzbekistan ya leo, kwenye bonde la mto Zarafshan, katikati ya mito miwili mikubwa ya Asia ya Kati, Amu Darya na Syr Darya. Misafara ya kutoka China kwenda Uajemi ilipita hapo, hivyo kila mwenye uchu wa kuitawala dunia alipita hapo pia. Alexander aliuingia mwaka 329 KK, Wagiriki wakiuita Marakanda. Qutayba bin Muslim, jemadari wa Bani Umayya, ukoo wa makhalifa wa Kiarabu, aliuteka mwaka 712. Genghis Khan aliufikia 1220. Timur, yule kiwete, aliufanya makao yake makuu mwaka 1370. Hapo katikati kuna kama miaka 1,700, lakini mto ni ule ule na majangwa ya kuuzunguka ni yale yale. Na ukiwapanga wanne hawa kwa Samarkand peke yake, wa kwanza anakuwa mtu ambaye kijiweni sijawahi kumsikia akitajwa.

Nianze na Alexander, maana ndiye anayesifiwa kwa kazi ambayo nusu yake ilifanywa na wengine. Jeshi alilovuka nalo Hellespont, mlango wa bahari kati ya Ulaya na Asia, mwaka 334 KK lilikuwa limejengwa na baba yake, Philip wa Makedonia: askari wa miguu wenye mikuki ya mita tano hadi sita waliojipanga kama ukuta, na wapanda farasi wa kuvunja ubavu wa adui. Na dola ya Uajemi aliyoivamia ilikuwa imeshaundwa na Cyrus na Darius wa Kwanza zaidi ya karne moja na nusu kabla yake, ikiwa na barabara, maliwali wa majimbo na hazina iliyojaa. Dola ya namna hiyo ina kichwa kimoja. Alexander alikipiga kichwa hicho Issus mwaka 333 KK, akakipiga tena Gaugamela mwaka 331 KK, na mwili ukamfuata. Babylon ikamfungulia milango, Susa ikamkabidhi hazina. Ushujaa wake siupunguzi, lakini kuna tofauti kati ya kuishinda nchi na kumshinda mwenye nchi kisha ukakaa kwenye kiti chake.

Tofauti hiyo aliionja Sogdiana, nchi ambayo Samarkand ilikuwa mji wake mkuu. Kuingia mjini hakukumsumbua. Kazi ilianza alipogeuza mgongo. Huko hakukuwa na mfalme mmoja wa kumwangusha. Kulikuwa na mabwana wengi wadogo, kila mmoja na ngome yake juu ya jabali, na mtu mmoja hodari, Spitamenes, akiwaunganisha na wapanda farasi wa nyikani. Spitamenes aliizingira ngome ya Samarkand. Kikosi kilichotumwa kuiokoa kikavutwa hadi ukingoni mwa Zarafshan na kumalizwa karibu chote. Alexander mwenyewe hakuwepo, ndiyo maana watetezi wake hawakihesabu kipigo hicho, lakini wafu walikuwa wake. Vita vya huko vilimla karibu miaka miwili. Na ni Samarkand hapo hapo, mwaka 328 KK, kwenye karamu ya ulevi, alipomchoma mkuki Cleitus, mtu aliyemwokoa asife kwenye vita vya mto Granicus. Alipoondoka alikuwa amemwoa Roxana, binti wa bwana mmoja wa nchi hiyo, na amewaacha Bactria, jirani tu, askari 10,000 wa miguu na 3,500 wa farasi. Mshindi anayeacha jeshi la ukubwa huo nyuma yake anajua vizuri kwamba hajamaliza.

Alipokufa mwaka 323 KK, walowezi wa Kigiriki aliowaweka huko, zaidi ya 20,000, walifunga mizigo wakataka kurudi kwao. Wamakedonia wenzao walitumwa kuwazuia, wakawaua. Mtoto wa Roxana naye aliuawa pamoja na mama yake. Wafalme wa Kigiriki waliendelea kutawala Bactria kwa zaidi ya karne moja, wakipiga sarafu nzuri ajabu, kisha wahamaji wakawafagia. Kinachonichekesha ni kwamba binti wa Spitamenes, Apama, aliozwa kwa Seleucus, mmoja wa majemadari wa Alexander, na wafalme walioshika Syria na Babylon baada ya Alexander ni damu ya yule yule adui wa Zarafshan.

Mzee mwenye kofia anataka kujua Khalid yuko wapi. Khalid bin Walid hakufika huku. Alifariki Hims, mji wa Syria, mwaka 642, akisikitika, kama wapokezi wanavyosimulia, kwamba hana mahali mwilini pasipo kovu na bado anakufa kitandani kama ngamia. Ila kuna jambo lake moja linalotufikisha Samarkand. Sayyidna Omar, khalifa wa wakati huo, alimuuzulu. Shujaa wa vita vya Yarmuk vya mwaka 636 aliondolewa kwenye uongozi, sababu mojawapo ikiwa watu wasije wakadhani ushindi unatoka kwa Khalid, na majeshi yakaendelea kushinda. Amr bin al-As akaingia Misri mwaka 639, wengine wakaimaliza dola ya Uajemi. Hebu mwondoe Alexander jeshini mwaka 330 KK uone kama kuna mtu atavuka Hindu Kush.

Qutayba bin Muslim alitoka kwenye utaratibu huo wa kubadilisha watu. Alikuwa wa kabila la Bahila, kabila dogo ambalo washairi wa Kiarabu walilifanyia dhihaka, na ndiyo sababu Hajjaj bin Yusuf, gavana wa Iraq, alimpenda: mtu asiye na ukoo mkubwa nyuma yake hana pa kutegemea ila kwa bosi wake. Mwaka 705 alipewa Khurasan, jimbo la mashariki ya Uajemi, makao yakiwa Marw. Miaka ile dola ya Bani Umayya ilikuwa ikisukuma pande tatu kwa pamoja. Tariq bin Ziyad alivuka kuingia Andalusia mwaka 711, Muhammad bin Qasim alikuwa Sind, na Qutayba alikuwa akivuka Amu Darya kila msimu wa vita, akirudi Marw kwa majira ya baridi. Tariq amepewa mlima mzima, Gibraltar, jina lake. Qutayba hana hata kichochoro kijiweni petu.

Alishambulia kidogo kidogo. Paikand, mji wa wafanyabiashara, mwaka 706. Bukhara akaizunguka misimu kadhaa hadi ikamkubali mwaka 709. Mwaka 712 alimaliza kazi kwenye nchi ya Khwarazm, akajifanya anarudi nyumbani na ngawira, kisha akageuka ghafla kuelekea Samarkand akiwa na watu wa Khwarazm na Bukhara ndani ya jeshi lake. Mfalme wa Samarkand, Ghurak, alilalamika kwamba anapigwa kwa mikono ya ndugu zake mwenyewe. Lalamiko hilo ndilo sifa kubwa ya Qutayba kama jemadari. Alexander alikuta mabwana wengi akahangaika nao. Qutayba alikuta mabwana wengi akawatumia, mmoja dhidi ya mwingine. Msaada uliokuwa ukija kumwokoa Ghurak ulivamiwa usiku ukasambaratishwa, mitambo ya kurushia mawe ikatoboa ukuta, na mji ukakubali kulipa kodi, kujengwa msikiti na kuchomwa kwa masanamu. Wasimulizi wanasema watu wa mji walimwonya kwamba atakayeyachoma ataangamia, naye akawasha moto kwa mkono wake.

Bukhara ndiko nilikompenda zaidi, ingawa kumpenda huko kuna mipaka. Watu wa Bukhara walisilimu na kuritadi mara kadhaa kila jeshi lilipoondoka. Qutayba akaamuru nusu ya nyumba za mjini wapewe Waarabu, waishi jirani na wenyeji. Huo ni unyang'anyi, tusiupambe. Lakini tazama alichofanya pembeni yake: alijenga msikiti wa Ijumaa ndani ya ngome, akatangaza kwamba kila atakayehudhuria swala ya Ijumaa atapata dirhamu mbili, na mwanzoni watu wakaruhusiwa kusoma kwa Kiajemi ndani ya swala kwa sababu Kiarabu hawakukijua. Fimbo, hela na lugha ya mwenyeji, vyote kwa mkono mmoja. Kati ya hawa wanne ni yeye peke yake aliyejisumbua na swali la mwenyeji atakuwa nani baada ya miaka 50.

Mwisho wake ulikuwa mbaya. Hajjaj alikufa 714, Khalifa al-Walid akafuata 715, na Khalifa mpya, Sulayman, alikuwa na kinyongo na watu wote wa Hajjaj. Qutayba, akiwa Ferghana, akajaribu kuasi kabla hajaondolewa. Aliwaita askari wake wamfuate, wakanyamaza. Aliwatukana kabila kwa kabila, wakamuua pamoja na ndugu zake. Hapo ule udogo wa Bahila ulimrudi. Tuseme pia kwamba mipango yake nusura ife naye. Miaka ya 720 Sogdiana iliwaka uasi, na mwaka 731 jeshi la Waarabu lilipigwa vibaya kwenye njia ya mlimani karibu na Samarkand.

Wanahistoria wa Kiarabu wanasimulia tena kisa kimoja ambacho masheikh wetu wanakipenda kwenye mawaidha. Wakati wa Khalifa Omar bin Abdul Aziz, watu wa Samarkand walishtaki kwamba Qutayba aliwaingilia kwa hila. Kadhi akateuliwa, akasikiliza, akaamua kwamba Waarabu watoke mjini warudi kambini, kisha pande zote zianze upya, kwa suluhu au kwa vita. Wenyeji wakaona bora mambo yabaki yalivyo. Naelewa mtu akitilia shaka kisa kinachomalizika vizuri hivyo kwa upande wa mshindi. Lakini washindi wenyewe ndio walioandika kwamba jemadari wao alituhumiwa hila na kwamba kadhi aliona tuhuma ina uzito. Sijaona kitu cha namna hiyo kwenye kumbukumbu za wale wengine watatu.

Halafu angalia kilichoota. Baada ya vita vya Talas vya mwaka 751, kati ya Waarabu na Wachina, karatasi ya Samarkand ikawa maarufu katika nchi zote za Kiislamu. Wasamani, waliotawala kutoka Bukhara hadi mwaka 999, waliandika Kiajemi kwa herufi za Kiarabu na kukifanya lugha ya elimu na mashairi. Na kuna mtu mmoja ambaye mtoto yeyote aliyepita madrasa za Mombasa, Unguja au Kigoma analijua jina lake, kwa sababu hadithi nyingi alizokaririshwa zilimaliziwa na "amepokea Bukhari". Imamu Bukhari alizaliwa Bukhara mwaka 810 na kufariki karibu na Samarkand mwaka 870. Babu wa babu yake alikuwa Mmajusi, mwabudu moto. Mtoto wa Mmajusi huyo alisilimishwa na liwali Mwarabu wa Bukhara. Ndani ya vizazi vichache tu, mji uliolipwa dirhamu mbili uende msikitini ulikuwa unawafundisha Waarabu hadithi za Mtume wao.

Sasa Genghis Khan. Kwa vita vyenyewe, hana mpinzani kwenye uwanja huu, na anayebisha asome kampeni ya mwaka 1220 hatua kwa hatua. Chanzo kilikuwa mji wa Otrar, mwaka 1218, ambako gavana wa Sultani Muhammad wa Khwarazm aliwaua wafanyabiashara kama 450 waliotoka kwa Wamongoli, na Sultani akamuua mjumbe aliyekuja kudai haki. Sultani alikuwa na watu wengi, lakini hakuwaamini majemadari wake, hivyo akalitawanya jeshi kwenye miji. Genghis aliigawa safari yake pande kadhaa, akavuka jangwa la Kyzyl Kum ambalo lilidhaniwa halipitiki, akatokea Bukhara mahali ambapo hakuna aliyemtarajia. Samarkand, mji mkuu wa Sultani, wenye kuta nene na hata tembo wa vita, ulifungua malango siku ya tano. Sultani alikimbia hadi kisiwani kwenye bahari ya Kaspi, akafia huko.

Ubora wake ulikuwa wa utaratibu: watu kumi, mia, elfu, elfu kumi, kila kundi na kiongozi aliyepanda kwa uwezo, koo za zamani zikivunjwa na kuchanganywa. Na tofauti na Alexander, utaratibu huo aliujenga mwenyewe, tangu akiwa yatima aliyetupwa na ukoo wake hadi mkutano mkuu wa mwaka 1206. Kwa hilo namvulia kofia.

Ila Samarkand ilimjua vingine. Juvayni, mwanahistoria wa Kiajemi aliyekuwa mtumishi wa Wamongoli wenyewe, anaandika kwamba mafundi 30,000 walihesabiwa na kugawiwa wana na jamaa wa Khan. Askari wa ngome waliojisalimisha waliuawa. Mtawa wa Kichina Qiu Chuji, aliyeitwa na Genghis ili amweleze siri ya maisha marefu, alipita hapo muda mfupi baadaye, na mwanafunzi wake aliyeandika habari za safari hiyo anasema imebaki robo ya watu waliokuwepo. Ule mji wa zamani juu ya kilima cha Afrasiab, alioujua Alexander na Qutayba, uliachwa. Watu waliobaki wakajenga upande wa kusini. Nchi iliyomsumbua Alexander miaka miwili ilinyamaza kwa Genghis kwa sababu rahisi sana, nayo ni kwamba waliokuwa na uwezo wa kuinuka walikuwa kaburini au njiani kupelekwa Mongolia. Na bado, wazao wa mwanawe Chagatai, waliorithi eneo hilo, walisilimu mmoja baada ya mwingine. Jeshi lililouteka mji lilimezwa na kile kilichopandwa mwaka 712.

Timur ni zao la kumezwa huko: wa ukoo wa Kimongoli, msemaji wa Kituruki, Mwislamu, mlemavu wa mguu na mkono wa kulia. Hakuwa wa uzao wa Genghis, hivyo hakuthubutu kujiita Khan; alimweka Khan wa bandia, akaoa binti wa ukoo ule, akajiita mkwe. Kwa orodha ya ushindi anatisha: Delhi mwaka 1398, Damascus mwaka 1401, na Ankara mwaka 1402 alipomkamata hai Bayezid, Sultani wa Waothmani. Ni wachache waliowahi kushinda wapinzani wazito namna hiyo ndani ya miaka minne.

Kipande chake ninachokirudia ni kile cha Damascus. Ibn Khaldun, mwanazuoni aliyeandika jinsi dola zinavyoinuka kwa mshikamano wa watu wa nyikani na kuanguka kwa starehe za mjini, alikuwa amekwama ndani ya mji uliozingirwa. Akashushwa ukutani kwa kamba, na umri wake wa miaka karibu 70, akaenda kukaa na Timur kwa wiki kadhaa. Alimpelekea zawadi ya msahafu, mswala, nakala ya Burda, hiyo hiyo ya Busiri inayosomwa kwenye Maulidi ya Lamu, na halua za Misri. Timur akamwomba amwandikie maelezo ya nchi za Maghrib, na mzee akaandika. Sijui jemadari mwingine aliyeketi na mtu aliyekwisha kuieleza hatima yake kabla haijatokea. Baada ya mazungumzo hayo mazuri, Damascus iliporwa na kuchomwa, na mafundi wake wa kioo na vyuma wakapelekwa Samarkand.

Maana Timur alifanya kinyume cha Genghis: alivihamishia Samarkand vyote. Balozi wa Castile, Hispania ya leo, Clavijo, aliyefika mwaka 1404, alikuta mji uliofurika mafundi wa kila taifa, na vijiji vya jirani vilipewa majina ya Baghdad, Damascus na Shiraz, miji mikuu ya wengine ikifanywa vitongoji. Mji ulipata uzuri wake kwa kuiba uzuri wa wengine. Lakini utawala hakuujenga. Baghdad aliiteka mwaka 1393, akalazimika kuiteka tena mwaka 1401. Alikuwa akishinda mechi ile ile kila msimu. Alikufa Februari 1405 akiwa njiani kwenda kuipiga China, na mahali alipofia ni Otrar, mji ule ule wa wafanyabiashara 450. Wanawe na wajukuu wakagombana mara moja. Mjukuu wake Ulugh Beg alijenga chumba kikubwa cha kuangalia nyota, akauawa mwaka 1449 kwa amri ya mwanawe. Na mjukuu wa mbali, Babur, aliuteka Samarkand mwaka 1497 akiwa kijana wa miaka 14, akaupoteza, akaurudia, akaupoteza tena, hadi akaamua kwenda India kutafuta bahati nyingine.

Rafiki yangu mmoja, shabiki wa Alexander, ananiambia nimempendelea Qutayba: kwamba waliousilimisha mji kweli ni wafanyabiashara, Wasamani na masufi, na kwamba yule bwana aliyeuawa na askari wake asipewe kazi ya karne tatu. Hoja hiyo naikubali kabisa. Ninachotaka ni itumike kwa wote. Tumwondolee Alexander kazi ya Philip na Cyrus, tumwondolee Genghis mafundi wa Kichina waliomtengenezea mitambo ya kubomolea kuta, tuirudishie Damascus mafundi waliochukuliwa na Timur, halafu yule wa ramani ya Wamongoli atoe tena simu yake, tuendelee.